Gemu letu la bao linakuwa bubu TalkBack ikiwashwa: tuanzie wapi?

Swali: Habari za kazi. Sisi ni vijana watatu wa Morogoro, tunatengeneza gemu la bao la kiswahili kwa simu za Android, kwa kutumia Unity 2022, programu ya kutengenezea magemu. Mjomba wa mwenzetu haoni, na kwenye bao la mti anatufunga sote. Tulipompa simu akawasha TalkBack, kisoma skrini cha Android, gemu likawa bubu, akasikia jina la programu tu. Dada mmoja mwenye ualbino naye alituambia kete hazioni na mwanga wa kioo unamuumiza. Tumebakiza kama miezi miwili kabla ya kulitoa, na hela hatuna. Tuanzie wapi? Na viziwi na wenye shida ya mikono tuwafikirieje? Au tutoe toleo la pekee kwa wasioona?

Jibu: Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo litakaloamua mnapangaje msimbo wenu. Toleo la pekee msitoe. Mjomba anataka kumfunga mpwa wake, na mpwa anacheza toleo la kawaida. Isitoshe, timu ya watu watatu haiwezi kutunza programu mbili. Zikipita apdeti mbili tatu ile ya wasioona itabaki nyuma, kanuni zitaanza kupishana, na siku moja haitafunguka kabisa kwenye simu mpya. Gemu liwe moja, na bao lililomo ndani yake liweze kuonwa, kusikika na kuguswa kwa njia zaidi ya moja.

Mna bahati ya kuchagua bao. Magemu ya vita na ya mbio za magari yamefunguliwa kwa wasioona pia: The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha wenye ulemavu kucheza, na Forza Motorsport ya 2023 ina sauti zinazomwongoza dereva asiyeona akate kona wakati gani. Lakini hizo ni kazi za studio kubwa, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kupambana na kasi. Bao halina kasi. Lina mashimo 32, kete 64 na zamu. Ukizijua namba 32 za mashimo, kete ambazo kila mchezaji bado anazo mkononi kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, na zamu ni ya nani, unalijua bao karibu lote. Hali inayoandikika kwa ufupi hivyo inatamkika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha hali ya bao na picha ya bao. Katika msimbo wa wanaoanza, idadi ya kete mara nyingi inapatikana kwa kuhesabu vitu vilivyochorwa ndani ya shimo. Kama ndivyo mlivyofanya, badilisheni sasa. Wekeni safu ya namba, na picha isome kutoka kwenye safu hiyo. Kisha andikeni kipande kimoja tu cha msimbo kinachopewa shimo na kurudisha sentensi yake. TalkBack itakitumia, sauti mliyorekodi itakitumia, maandishi makubwa yatakitumia, na hata utafutaji wa hitilafu utakuwa rahisi.

Kwa nini TalkBack inanyamaza

TalkBack haisomi picha. Inasoma orodha ambayo programu huikabidhi Android: hiki ni kitufe, kinaitwa hivi, kiko hapa. Programu za kawaida hukabidhi orodha hiyo bila mwandishi kuhangaika sana. Unity inachora gemu zima kwenye uso mmoja, kwa hiyo Android inaona mstatili mmoja mtupu. Juu ya hapo, TalkBack ikiwa imewashwa, kidole kimoja kinachopita kwenye kioo hakifiki kwenye gemu kabisa. TalkBack inakichukua kwa ajili ya kupapasa. Ndiyo maana mjomba hata akibahatisha hapati kitu.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni gemu lijitamkie lenyewe na kuwa na miondoko yake ya vidole, na mchezaji asitishe TalkBack kila anapoingia. Njia hiyo inafaa gemu lenye kasi. Kwenu ningeiacha: mtu anayesitisha TalkBack hasikii tena taarifa za simu yake, na gemu likikwama amebaki gizani. Ya pili ni kuikabidhi Android orodha inayoitaka. Unity 2022 haina nyenzo hiyo. Ilikuja kwenye 2023.2 na sasa imo ndani ya Unity 6, kwa majina AssistiveSupport, AccessibilityHierarchy na AccessibilityNode. Hamieni Unity 6 wiki ya kwanza, kabla hamjaandika kingine chochote. Angalieni kwanza inahitaji Android ya ngapi kwenda juu, mjue simu za wachezaji wenu zimo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gemu likifunguka, ulizeni kama kisoma skrini kimewashwa. Kama ndiyo, jengeni orodha ya nodi, yaani vipengele ambavyo TalkBack itavisoma: nodi moja kwa kila shimo, moja kwa kila kitufe, moja kwa mstari wa taarifa. Kila nodi ina jina, thamani, aina yake na mstatili wake kwenye kioo. Kisha iwekeni orodha hiyo kuwa ndiyo inayotumika. Sikilizeni pia tukio la kisoma skrini kuwashwa au kuzimwa katikati ya mchezo, mjenge upya, kwa sababu watu huwasha TalkBack wakiwa tayari ndani ya gemu. Kila hatua ikichezwa, badilisheni thamani za nodi zilezile. Mkifuta orodha nzima na kuiumba upya kila zamu, alama ya TalkBack itarushwa juu kabisa ya kioo na mchezaji atapoteza mahali alipokuwa.

Kuna kosa moja karibu lazima litawapata. Unity huhesabu urefu wa kioo kutoka chini kwenda juu, ilhali mstatili wa nodi huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Msipogeuza, kioo kinasomwa kichwa chini miguu juu: mchezaji anagusa safu yake, anatajiwa safu ya mpinzani. Kwenye menyu kosa hilo huonekana mara moja, lakini kwenye bao safu nne zinafanana, na mwanzoni mwa mchezo pande mbili zina idadi sawa ya kete. Linaweza kupita majaribio yote bila mtu kugundua. Ili kulinasa, anzisheni mchezo wa majaribio wenye kete 1 hadi 32, kila shimo na idadi yake, mguse moja moja. Jumla inazidi 64, lakini hapo hakuna anayecheza.

Shimo liseme nini

Hapa ndipo gemu litapendwa au litachosha. Sentensi kama «Hili ni shimo la tano katika safu yako ya mbele na lina kete sita» ni sahihi, na haifai. Mchezaji anapapasa haraka na kila akisogea sauti ya kwanza inakatwa, kwa hiyo anachokihitaji kitangulie. Kidole chake kinajua kiko wapi, asichokijua ni idadi. Wekeni «6, mbele 5». Kwa nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, «6, nyumba». Shimo tupu liseme «tupu, nyuma 2». Kwa upande wa mpinzani ongezeni neno moja tu: «4, yake, mbele 3».

Namba za mashimo zihesabiwe 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji, na za mpinzani vilevile kutoka kushoto kwa huyohuyo mchezaji. Yaani mbele 3 yangu itazamane na mbele 3 yake. Kula kwenye bao kunategemea shimo linalotazamana na lako, na mchezaji asiyeona asilazimike kutoa tatu kwenye tisa kichwani kila zamu.

Bao lichezwe simu ikiwa imelazwa. Kioo cha inchi 6.5 kikilazwa kina upana wa takriban milimita 150, hivyo hata mkiacha nafasi pembeni kila safuwima inapata zaidi ya milimita 15. Kikisimamishwa, mashimo manane yanagawana milimita 68 au 70, na kidole kimoja kinagusa mawili. Android inashauri kitu cha kuguswa kisipungue dp 48 kila upande (dp ni kipimo cha Android kisichobadilika na ukali wa kioo). Kwa anayepapasa, na kwa mwenye mikono inayotetemeka, milimita 12 ndicho kingekuwa kiwango changu cha chini. Mstatili wa nodi ujaze nafasi yote kati ya shimo na shimo, pasiwe na ukimya katikati. Kidole kikiangukia kwenye ukimya, mtu hudhani gemu limekwama.

Kuchagua hatua kuwe kwa mibofyo miwili: shimo, halafu vitufe viwili vya «kushoto» na «kulia» vinavyokaa mahali palepale siku zote, pembe mbili za chini. Msitumie kuburuta. Kuburuta kunamshinda asiyeona na kunamshinda mwenye mkono mmoja, na faida yake ni urembo tu.

Sasa kusambaza. Kwenye bao la mti mchezaji asiyeona husikia kete zikidondoka moja moja, na sauti hiyo ndiyo taarifa. Irudisheni. Kila kete itoe mlio mfupi, ukisogea kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia kufuata shimo, safu ya mbele mlio wa juu kidogo, ya nyuma wa chini. Nafasi kati ya mlio na mlio ianze milisekunde 200, na mchezaji aweze kuibadilisha kuanzia 100 hadi 600. Kula kuwe na sauti ya aina nyingine kabisa, si mlio uleule uliopandishwa. Msambao ukiisha, toeni tangazo moja: «Amekula 4 kutoka mbele 3 yako. Ameishia nyuma 2.» Zamu moja ya bao inaweza kuzunguka na kula mara kadhaa, na mkitangaza kila tukio kwa maneno TalkBack itakata tangazo la kwanza ili isome la pili. Maelezo marefu yakae kwenye kitufe cha «kumbukumbu», kinachosoma zamu iliyopita hatua kwa hatua. Kando yake wekeni kitufe cha «yaliyobadilika», kinachotaja tu mashimo ambayo idadi yake si ile ya zamu iliyotangulia. Hicho ndicho kitakachotumika kuliko vyote.

Milio ya kushoto na kulia haina maana kwa anayesikia sikio moja, wala kwa spika moja ya simu, kwa hiyo isibebe taarifa ambayo haipatikani kwa maneno. Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 300. Kwenye bao si tatizo, ilimradi zamu ya pili isiruhusiwe kuanza kabla milio ya kwanza haijaisha.

Sauti ya Kiswahili

TalkBack hutamka kwa lugha iliyowekwa kwenye simu. Simu ya Kiingereza itasoma «nyuma» na «tupu» kwa matamshi ya Kizungu na hakuna atakayeelewa. Injini ya matamshi ya Google ina sauti ya Kiswahili, lakini si kila mtu ameipakua wala anajua ilipo. Wekeni maelekezo mafupi mwanzoni, na pembeni yake wekeni sauti ya mtu mliyorekodi wenyewe, ambayo mchezaji anaweza kuichagua kwa matangazo ya zamu.

Kurekodi kunatisha kuliko kulivyo. Namba zote za 0 hadi 64 zinapatikana kwa vipande 25: sifuri, moja hadi tisa, kumi hadi sitini kwa makumi, na «na moja» hadi «na tisa» vikiwa vipande vizima. Msikate «na» peke yake, itasikika kama roboti. Ngeli nazo ziangalieni: «kete mbili» haina shida, ila «mashimo mawili» inadai kipande kingine, kwa hiyo tungeni matangazo yenu kwa kete na kwa namba ya shimo tu. Ongezeni majina na vitenzi, jumla haitazidi vipande 110. Vikiwa vya sekunde 0.7 kwa wastani, faili za sauti za Ogg za sikio moja kwa kilobiti 40 kwa sekunde, vyote havifiki nusu megabaiti. Rekodini siku moja, mtu mmoja, chumba chenye godoro au nguo nyingi, simu ikiwa umbali uleule wa mdomo. Kipande kikirekodiwa upya wiki mbili baadaye kitasikika tofauti, na sikio la mtu anayetegemea sauti halikosi kukigundua.

Mahali gemu linapomfungia mtu mlango kabla hajacheza

Menyu, kujisajili na matangazo ya biashara ndiyo sehemu zinazosahaulika. Mchezaji asiyeona anayekwama kwenye ukurasa wa kuingia hatajua kama bao lenu linasemeka. Ukurasa wa kwanza uruhusu kucheza bila akaunti. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS isiishe baada ya sekunde 30. Ipeni dakika 5, kwa sababu mtu anatoka kwenye gemu, anatafuta ujumbe, anausikiliza, anarudi.

Matangazo ya video yanayojaza kioo ni mtego mbaya zaidi. Alama ya kufunga mara nyingi haina jina, wakati mwingine haimo hata kwenye orodha ya TalkBack, na mchezaji analazimika kuua programu nzima. Mkigundua kisoma skrini kimewashwa, matangazo ya kujaza kioo yasitokee. Kama mapato yanawapa wasiwasi, acheni yale ya hiari tu, na myajaribu ninyi wenyewe macho yakiwa yamefumbwa kabla ya kuyaruhusu.

Saa ya zamu

Kama mnampa kila mchezaji sekunde 30 mtandaoni, pigeni hesabu. Kusoma mashimo 32, sekunde 1.2 kwa kila moja, ni zaidi ya sekunde 38 kabla hata mtu hajaanza kufikiri. Kwa saa hiyo mjomba atashindwa na gemu, si na mpinzani. Tumieni benki ya muda: dakika 5 za kila mchezaji kwa mchezo mzima na nyongeza ya sekunde 20 kila zamu, au wachezaji wachague 30, 60, 120 au bila saa kabla ya kuanza. Saa ianze kuhesabu tangazo la zamu iliyopita likiisha, si likianza. Dhidi ya kompyuta saa isiwepo. Na msiandike popote kwamba mchezaji anatumia muda mrefu kwa sababu ya ulemavu. Si lazima mpinzani ajue, na hiyo ni taarifa yake binafsi.

Dada mwenye ualbino

Alichowaambia ni mambo mawili, nayo yana tiba mbili. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, macho yao husumbuliwa na mwanga mkali, na mara nyingi mboni hucheza zenyewe, hivyo kitu kinachosogea ni kigumu kukifuata. Wengi hushika simu karibu sana na uso. Kwake mwanga wa kioo chenu ni taa iliyowekwa puani.

Nadhani mmechora bao la rangi ya mti na kete za rangi ya mbegu, kama lilivyo kweli. Chukueni kahawia ya mti #8B5A2B na kete #9A8F7A, mpime: tofauti ya mwanga ni karibu 1.8 kwa 1. Miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka angalau 3 kwa 1 kwa michoro na 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wekeni mandhari ya pili: shimo #2B1A0E, kete #F2E3C0, mnapata karibu 13 kwa 1, na bado linaonekana bao la mti. Jambo la kuangalia ni kwamba suluhisho si kupaka nyeupe. Eneo kubwa liwe jeusi na kitu kidogo ndicho king'ae. Menyu nyeupe inayofunguka ghafla baada ya bao jeusi itamuumiza kuliko gemu lilivyo sasa, na ukurasa wa kupakia ambao Unity huonyesha mwanzoni uwe mweusi pia.

Kete kumi zilizorundikana kwenye shimo la milimita 15 hazihesabiki hata kwa macho mazima. Wekeni namba juu ya shimo, nene, kuanzia sp 20 (kipimo cha Android cha maandishi), na kipimo cha kuikuza hadi mara mbili. Wapo wapenzi wa bao watakaosema namba ni kumpendelea mtu, maana kuhesabu kwa jicho ni sehemu ya ufundi. Kwenye bao la mti mwenye uoni hafifu huhesabu kwa vidole, na kioo kimemnyima vidole. Namba inamrudishia. Kwa mashindano, wekeni kanuni kwamba namba zikiwashwa zinaonekana kwa wote wawili.

Kete zinazoruka hewani ziwe na swichi ya kuzimwa: ikizimwa, shimo linabadilika tu na kuzungushiwa mstari mnene kwa nusu sekunde. Sherehe ya ushindi isimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, hasa kwa nyekundu kali. Japani, tarehe 16 Desemba 1997, mimweko ya nyekundu na buluu kwenye kipindi kimoja cha katuni za Pokémon iliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600.

Kuhusu rangi za zamu, nyekundu na kijani: ongezeni umbo au neno. Mstari mmoja wa msimbo, yamekwisha.

Mikono

Kwa mwenye mkono unaotetemeka, hatua ihesabiwe kidole kinapoinuka, si kinapogusa, ili akiteleza aweze kuburuta nje na kughairi. Mguso wa pili ndani ya milisekunde 300 upuuzwe, na kiwango hicho kibadilishike hadi 1000. Kabla kete hazijatembea, kitufe cha «thibitisha» kiwe cha hiari.

Kwa asiyeweza kugusa kioo kabisa, jengeni uchaguzi wa kitufe kimoja ndani ya gemu lenyewe. Mwanga unapita kwenye mashimo, mchezaji anabonyeza unapofika anapotaka. Usipite yote 32. Kanuni za bao zinaruhusu mashimo machache kila zamu, na gemu lenu tayari linayajua, kwa hiyo upite yale halali tu, kisha kushoto, kulia, rudi. Muda wa kukaa kila mahali uanze sekunde 1.5 na uweze kufika 5. Mwanga upite angalau mara tatu kabla haujasimama.

Kitufe chenyewe kinatengenezeka kwa fundi redio. Mnahitaji mausi ya bei rahisi ya USB, waya wa OTG wa kuunganisha USB kwenye simu, soketi ya milimita 3.5 ya mono na kitufe kikubwa cha kubonyeza. Fungueni mausi, unganisheni nyaya mbili za soketi kwenye miguu miwili ya swichi ya kushoto inayoguswa pamoja mtu anapobonyeza. Kama swichi ina miguu mitatu, ipimeni kwa mita kwanza, maana mguu mmoja hautumiki. Kisha zibeni jicho la chini la mausi kwa utepe mweusi wa gundi, la sivyo kishale kitatembea chenyewe meza ikitikisika. Kwa sababu hiyohiyo, hali hii ikiwa imewashwa gemu lisijali kishale kiko wapi: mbofyo wowote popote ni «chagua». Vitufe vya milimita 3.5 ndivyo vilevile vinavyotumika kwenye Xbox Adaptive Controller ya 2018, kidhibiti cha magemu kwa wenye ulemavu, ambayo ina soketi 19 za aina hiyo, hivyo kitufe cha mchezaji hakitapotea bure akipata kifaa kingine.

Viziwi

Bao haliwadai viziwi mengi. Kila sauti iwe na alama yake kwenye kioo, hasa ile ya «zamu yako» na ya saa kukaribia kuisha, na simu itetemeke. Mtetemo wa chini ya milisekunde 40 haufiki mkononi kwenye simu za bei ya chini kwa sababu mota inakuwa haijazunguka vizuri. Gumzo la sauti lisiwe njia pekee ya kuzungumza. Kazi iliyopo ni mafunzo. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na aya ndefu za kueleza namua na mtaji, awamu ya pili, hazitasomwa. Onyesheni hatua kwa picha, sentensi za maneno sita saba, na mkipata mtu wa Lugha ya Alama ya Tanzania, video za sekunde 60 hadi 90 ambazo mchezaji anapakua akitaka, bando lisiliwe bure. Ya Kenya ni lugha nyingine, msidhani moja inatosha kote.

Majaribio na mpangilio wa muda

Kujifunga kitambaa machoni kutawaonyesha hitilafu za msimbo, basi. Hakutawaonyesha jinsi mtu aliyezoea TalkBack kwa miaka anavyocheza, kwa kasi gani ya matamshi, na anachokiona kinachosha. Mjomba ni mmoja, tafuteni wengine wanne kupitia Chama cha Wasioona Tanzania, na kwa makundi mengine kuna CHAVITA, chama cha viziwi, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Walipeni nauli na muda wao. Mpeni mtu simu yake mwenyewe, si yenu, na kazi moja: pakua, fungua, maliza mchezo mmoja. Msimwelekeze. Andikeni kila mahali anaponyamaza zaidi ya sekunde 10.

Wiki mbili za kwanza ni za Unity 6 na kutenganisha hali na picha. Ya tatu na ya nne, nodi za bao na za menyu. Lipelekeni gemu kwa mjomba mwisho wa wiki ya nne hata kama hamjaridhika, maana maneno ya mashimo yatabadilika na ni bora yabadilike kabla hamjarekodi sauti. Mandhari ya giza na namba kubwa ni kazi ya siku tatu, ifanyeni wakati mnasubiri majibu yake. Wiki ya tano na ya sita ni za sauti na saa, ya saba uchaguzi wa kitufe kimoja, ya nane majaribio. Mkibanwa, cha kuahirisha ni video za alama na kitufe kimoja, mradi muandike kwenye ukurasa wa Play Store kwamba bado havijawekwa. Saa ya zamu na matangazo ya biashara msiviahirishe: vikibaki kama vilivyo, nodi zote mlizojenga zitakuwa zinamsomea mjomba namna alivyoshindwa.